Gramu Tano za Sabaki

Kitendawili.
Tega.
Si hewa, si maji;
huingia kama mvuke, huosha kama petroli,
kisha huondoka bila kuaga.

Thoya, aliyenichotea tope pale mto unapotapika wekundu baharini,
amekalia kreti, anakuna kichwa.
Nipe mji, basi.
Amenipa Mambrui, nimekataa.
Amenipa Malindi nzima, pamoja na bili zake za maji.

Ni hewa ukaa, Thoya, hii hii tuitoayo puani.
Ifungie chumani, ipashe digrii thelathini na moja tu
(joto la Machi hapa kwetu, feni ikizimika),
ibane, uibane tena,
mpaka isahau ilikuwa nini.

Zamani tope tulilichemsha usiku kucha
kwa kiyeyusho kinukacho,
asubuhi kichwa kinanigonga kama kinu.
Sasa ni nusu saa. Chai yangu haijapoa.

Natia gramu tano, kavu, zilizochekechwa,
na unga wa shaba wa kunasia kiberiti.
Nafungua vali. Mshale unapanda:
mia, mia mbili, mia tatu na nusu.
Ncha ya mrija inafanya barafu.
Barafu, Malindi, saa saba mchana!
Thoya anataka kuigusa; namchapa mkono.

Na chupani, tone kwa tone, kinashuka
kile mto ulichokibeba toka mashamba ya juu,
toka mapipa yaliyofukiwa, toka magunia
ambayo Nyevu, mama yangu, aliyapaka unga mweupe
mahindi yasiliwe na fukusi.
"Dawa ya serikali," alisema.
Wanawe tukalala juu ya magunia yale.

Mashine ya pili inachora vilima.
Kimoja ni didiiti.
Kirefu kukishinda ni mwanawe,
aliyezaliwa mzazi alipochakaa,
akarithi klorini nne kati ya tano.

Naandika namba. Ndogo, haitoshi habari ya redio.
Haisemi ni gunia la nani.

Hewa ukaa imeshakwenda zake dirishani.
Kwenye kikombe cha chuma limebaki tope,
jepesi, la kijivu, halina harufu:
gramu tano za Sabaki zisizo na deni.

"Tulirudishe?" anauliza Thoya.

Kule mto unamwaga, tani juu ya tani.
Nimelikunja kwenye karatasi kama njugu za dukani.
Sijamjibu.