Nusu Kilo ya Misumari

Chuma chetu hakikuja na meli.
Mtarimbo ni ekseli ya Fuso iliyofia Barabara ya Pugu,
sahani ni makopo ya rangi ya lita ishirini
aliyoyajaza zege Chande, fundi mwashi,
bila kupima. Kopo la kushoto
lina kiburi kuliko la kulia,
na sisi tunaonyanyua pale Keko, nyuma ya gereji,
tunajulikana kwa bega moja lililotangulia.

Nilifika nina miaka thelathini na tisa,
seremala, tumbo likiingia mlangoni kabla yangu.
Nikakuta kila mtu na dini yake.

Chande: leo kifua, kesho mgongo, keshokutwa mikono,
piga mpaka kioo kikuogope.
Lwitiko: mia, halafu mia tena,
ukitapika umefika.
Fundikira akanivuta hadi nyuma ya pipa la maji,
akanionyesha kichupa kidogo kama cha wanja.
"Wiki sita tu," alisema, kwa upole.
Sikudhani ana ubaya. Hadi leo sidhani.

Nikafuata siku za Chande:
mikono ilijaa magharibi, ikapwa kabla ya kulala.
Nikafuata mia za Lwitiko:
asubuhi randa ikanishinda,
meza ya mteja ikatoka na mawimbi.

Ndipo Mwamvua, mshona makochi,
anayemaliza mazoezi yake alfajiri sisi tukipiga miayo,
akanitupia daftari la shule.
"Andika. Mara tano, raundi tano.
Kuchuchumaa, kunyanyua toka chini, kusukuma juu. Basi.
Wiki ijayo ongeza nusu kilo."
Nikasema zege halina nusu.
"Kwani wewe si seremala?"

Basi kila Jumamosi, dukani kwa Hamoud,
nusu kilo ya misumari, inchi nne,
naimimina kwenye soksi za wanangu zilizofiwa na wenzake,
naifunga kwenye ekseli.
Miezi miwili yote ilikwenda kulia,
mpaka makopo yakapatana.

Mtaka cha mvunguni huinama, tuliambiwa.
Hakuna aliyetaja mgongo uwe bapa,
magoti yafuate vidole,
pumzi uishike tumboni kama siri ya ndugu.
Hayo nilifundishwa na kiuno changu, kwa ada kubwa.

Nikala maharage, dagaa, mayai mawili
ya yule kijana anayechezesha sarafu.
Mke wangu Tabu alihesabu sahani:
"Unakula kama harusi, mbona hatuoni bwana harusi?"

Fundikira alipanda jukwaani mwezi wa pili,
anang'aa mafuta, mgongo kama ramani ya mito.
Alishinda. Nilimshangilia hadi sauti ikakauka.
Kweli, usiku ule nilikikumbuka kile kichupa.
Lakini mimi ni mtu wa risiti.
Napenda kujua kipi nimelipa
na kipi nimekopeshwa.

Aprili, mvua, umeme hakuna,
oda ya vitanda vya bweni, lori linakuja alfajiri,
Hamoud kafunga. Misumari imeisha.
Nikawasha kibatari, nikafungua soksi.
Wiki kumi na nne.
Niliipigilia mmoja mmoja,
na kila mmoja niliufahamu uzito wake.
Huko Mbagala wasichana arobaini
wanalala juu ya mapaja yangu ya Januari hadi Aprili,
wala hawajui, na wasijue.

Jumatatu nikanyanyua zege tupu.
"Andika," alisema Mwamvua.
Nikaandika namba ndogo kuliko ya juu yake.
Haikuniua.

Jana nilikuwa nafunga kioo kwenye kabati la mteja.
Akatokea mtu humo, kifua wazi, vumbi la mninga nywelani.
Si mkubwa. Ukipita naye Kariakoo hutageuka.
Mabega yake yako sawa.
Nikamtazama kidogo, nikafuta alama za vidole.

Leo Jumamosi. Hamoud keshashika mzani.
"Nusu kama kawaida?"
Robo, nimemwambia. Goti linalalamika,
na mimi siku hizi nalisikiliza.