Kulwa wa Jabali, Doto wa Mbuga

Vipando vilitoka Hombolo
vimefungwa katika gunia bichi,
mapajani mwa dada yangu Ng'washi usiku kucha,
naye akivinyunyizia maji ya chupa yake ya kunywa:
Singida, Nzega, Shinyanga.
Akashuka Mwanza na kiu.

Ndahani aliyempa alikuwa amemcheka.
"Mzabibu ni mbuzi. Ukimwona amenona sana,
jua ziwa hamna."

Kayenze tuna vipande viwili.
Cha juu kimekaa katikati ya majabali,
udongo wake luseni,
mchanga wa jabali lililochoka kuwa jabali;
jembe hulia kila ukilipiga.
Cha chini ni mbuga nyeusi
inayokuvua kiatu masika
na kukurudishia kiangazi, kigumu kama tofali.
Mimi ndiye niliyechimba mashimo, hamsini na mawili,
kwa hiyo nina haki ya kusema.

Chini, mzabibu ulikunywa
hadi ukasahau ulichoitiwa.
Majani, majani. Vichala vimebanana,
ngozi nyembamba kama ya kitunguu,
na ukungu wa ziwani ukiingia alfajiri
hukaa humo kama mgeni asiyejua kuaga.
Majirani wakapata utani:
Bwiru hakuna ubwiri,
ubwiri uko Kayenze kwa Ng'washi.
Tulipuliza mrututu hadi viganja vikawa vya buluu,
tukala ugali wa buluu.

Juu, mizizi ilitafuta nyufa.
Sikuiona. Najua tu
kwamba kila ufa una maji yake, kijiko kimoja,
na kijiko hicho hakitolewi bure.
Mchana jabali lilimeza jua,
usiku likalirudisha kidogo kidogo,
huku upepo ukishuka kutoka nchi kavu kwenda majini
ukiyapangusa majani
kama mama anavyompangusa mtoto uso, kwa haraka, bila huruma.
Alasiri ziwa nalo lilituma ubaridi wake,
na ule uchachu ambao jua la Dodoma huuchoma
hapa ukabaki, umekunja ngumi.
Vichala vilikuwa vidogo. Niliona aibu kuvibeba
mbele ya watu, nikavifunika kwa khanga.

Madumu mawili ya kioo, chumba cha nyuma.
Ng'washi akayaita Kulwa na Doto,
akayapa chachu kwa kijiko kilekile,
na wiki tatu yakawa yakinong'onezana
huku mimi nikilala mlango wa pili, nikisikiliza.

Doto wa mbuga alitoka mnene, mpole,
papai lililolala, utamu unaokubali kila neno.
Ukimeza, keshaondoka.
Kulwa alinikunja uso.
Ndimu kwanza. Kisha ganda la chungwa la Ukerewe.
Kisha, ulimi ulipotulia,
ile harufu ya jabali mvua inapoligusa
mara ya kwanza Oktoba,
harufu ambayo sijawahi kuijua jina
wala sikujua kwamba inanyweka.

Bwana Rwegoshora wa hotelini
alikuja na glasi yake mwenyewe, ameifunga kwa leso.
Alimwonja Doto, akaitikia kwa kichwa.
Alimwonja Kulwa, akanyamaza
muda wa mtu kufunga kamba za viatu.
"Humu mmeweka nini?"
Ng'washi alitazama kucha zake.
"Tulikosa vya kuweka."

Akamnunua Doto, wote.
Wageni, alisema, wanapenda tamu.

Basi Kulwa tunaye, chupa kumi na moja,
chini ya kitanda changu.
Mbuga tumeirudishia mpunga,
nayo imepumua kama mtu aliyevuliwa koti la kuazima.
Jana nilipanda tena juu na jembe.
Mashimo sita, kisha mpini ukavunjika.
Nikakaa juu ya jabali. Lilikuwa bado na moto
na jua lilikwisha kuzama.