Lamineshini

Duka langu liko Nkuhungu, mlango wa bluu.
Fotokopi mia, lamineshini elfu moja.
Nimefunika vyeti vya ndoa, vya ubatizo,
leseni za bodaboda, picha ya marehemu Mzee Chilongani
ambaye hakuwahi kupigwa nyingine.
Kilichopita kwenye mashine yangu hakiliwi na mchwa,
hakiogopi vumbi, hata lile la Septemba
linaloingia mpaka kwenye sukari.

Hivyo ndivyo nilivyofikiri, Ndahani,
siku ulipoacha boksi la viatu juu ya kaunta
ukasema, "Dada Nyemo, hizi usiguse. Huu ni uwekezaji."

Uwekezaji! Nikachungulia.
Kadi. Ndogo, kama karata za wavivu,
ila hazina kopa wala shupaza:
kuna chura anayetema radi,
samaki mwenye taji,
na joka jekundu, mabawa ya dhahabu inayochezacheza
ukiinamisha kadi kuelekea dirishani.

Nikauliza bei. Ukataja, kwa joka lile peke yake,
mbuzi sita wa mnada wa Msalato.
Nilicheka hadi mteja akahesabu upya nakala zake.
Ukanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu:
zilichapwa chache, wanaozitaka ni wengi,
waliokuwa watoto zamani sasa wana mishahara,
wanautafuta utoto wao na hawaombi kupunguziwa.
Unanunua, unatulia.
Unauza pale mwenzio anapokosa usingizi.

Baba analima zabibu Hombolo.
Zabibu haijui kusubiri:
ikiiva leo, kesho ni ya nyuki, keshokutwa ni siki,
na dalali analijua hilo, ndiyo maana huchelewa makusudi.
Sikufichi, nilipenda kusikia kuna mali
inayonona kwa kukaa gizani tu.

Ila niliona vumbi. Niliona kona moja ya joka,
haijakunjika, inawaza kukunjika.
Nikawasha mashine. Nikangoja taa ya kijani.
Nikachagua plastiki ile nzito
ninayowawekea wenye vyeti vya chuo.
Likatoka la moto, linang'aa, limenyooka kama askari wa gwaride.
Sikukutoza hata senti.

Mnunuzi akaja Jumamosi kutoka Singida,
kijana mpole, shati limechomekewa, kioo cha kukuzia mfukoni.
Hakukitoa.
Alilishika joka kwa vidole viwili
kama daktari anayetafuta mapigo ya mkono na anajua hayapo.
"Hii imeshakufa," akasema.
Akanunua chura kwa bei ya soda mbili.
Nadhani ni huruma.

Hukupiga kelele, Ndahani.
Afadhali ungepiga.
Ulikaa kwenye kiti cha wateja ukasoma bei zangu ukutani
kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu,
nami nikifuta kaunta niliyokwisha kuifuta.

Mpaka leo sijaelewa vizuri.
Karatasi ileile, wino uleule, joka lilelile,
sasa hata mvua haiwezi kulifanya lolote,
na kumbe hilo ndilo kosa lake:
mali yote ilikuwa kwenye kuweza kuharibika
na kutoharibika.

Nakulipa. Mbuzi sita, kwa hesabu yangu,
ni fotokopi elfu sita, bila kutoa wino wala umeme.
Naandika kwa chaki nyuma ya mlango.
Nimefika mia nane na kumi.

Joka nimelibandika juu ya mashine, liwe onyo.
Juzi mtoto wa shule, fulana imetoboka begani,
alilitazama mpaka mama yake akamvuta.
Jana alirudi peke yake na mia tatu.
Nikamwambia haliuzwi.

Leo amekuja na mia tano,
kaziweka kaunta, moja moja,
na mimi, Mungu anisamehe,
nimemwambia asubiri kidogo.