Zamu ya Usiku, Bronowice

Saa tisa usiku. Theluji imefunika reli za tramu.
Bogumiła anamenya chungwa juu ya daftari la zamu,
mashine inanguruma chini ya sakafu kama tumbo la mwenye njaa.

Kazi yetu ni kuvunja.
Deutroni, ndoa ya wawili walioshikana kwa shida,
tunairushia protoni,
kisha tunauliza nani kaenda wapi, kwa pembe ipi.

Protoni mbili hunaswa na ukuta wa plastiki.
Neutroni hupita bila kuaga.
Tunamjua kwa upungufu, kama mdeni:
tulichoanza nacho, toa kilichobaki mkononi.

Nadharia ilitufikia kwa barua, mstari mwembamba,
na ndani yake kila chembe husemezana na mwenziwe tu,
wawili, wawili, wawili.
Mafiga mawili, basi. Muulize mpishi.

Kwenye nyuzi kumi na tatu nukta zetu zimekaa juu ya mstari.
Si sana. Unene wa ukucha.
Bogumiła hakushangilia. Akazima mwali, akashuka na tochi,
akapima shabaha upya,
akakaza nati ambayo haikuwa imelegea.

Tukawasha tena. Nukta hazikusogea.

"Andika," akasema. "Na kosa letu uliandike,
kwa urefu wake wote."
Nikachora vijiti vya shaka. Mstari ukapita chini, haukuvigusa.

Alfajiri mlinzi, Bwana Wieńczysław, akachungulia kutafuta funguo.
Hakutusemesha.
Hata hivyo sisi wawili tuliokuwa tukizungumza
tukazungumza vingine.