Bomba Tu

Mwaka wa tatu huu maji yaliingia sebuleni
bila hodi.
Yalipanda ngazi, yakanyanyua zulia,
yakalamba miguu ya kabati hadi mbao ikavimba,
na vyeti vya marehemu nikavianika kambani
pamoja na soksi.

Fundi Kiwia akaja Msaranga na kamba na vijiti,
akauzunguka ua mara moja, akasema:
"Mama Aikande, hapa ni bomba tu."
Bomba tu!
Kama mtu anayesema: mume tu.

Duka la Mbuyuni, nikayakuta yameegemea ukuta:
jeusi la mawimbi, jepesi, linapinda kama mkia wa paka;
jeupe jembamba la kupitishia nyaya, likijidai la maji;
la kijivu, nene, lenye tarakimu ubavuni;
na nje, juani, la zege,
zito kama deni la msiba.

"Chukua jeusi, mama, halina viungo,
unalilaza tu kama mtoto."
Nikaingiza mkono ndani. Mbavu tupu.
Kila ubavu kibakuli. Nikaliona tope la masika
likiketi humo, kidogo kidogo, likingoja wenzake.
Nikalikanyaga kwa kisigino:
likabonyea, likainuka nusu.
Nami nina shemeji mwenye fuso la mchanga
anayegeuzia uani kwangu kila Jumamosi.

Nikashika la kijivu.
Kiwia akanong'ona, "Inchi tatu yatosha."
Yatosha kiangazi, nikamwambia.
Mimi sinunui bomba la kiangazi.

Tukakubaliana hivi, baada ya chai mbili na kununiana:
kando ya ukuta, ambako ardhi inatoka jasho,
lenye matundu, limevikwa kitambaa, limezikwa kwenye kokoto;
toka hapo kuvuka ua, zima, inchi nne,
lisilovuja, lisiloukaribisha mzizi wa mparachichi.
Mteremko: sentimita moja kila mita.

Babu yangu, kule Mbokomu, alichimba mfongo
bila pima maji.
Alimwaga kibuyu kimoja, akachuchumaa, akatazama.
Yeye aliyaita maji yaje migombani.
Mimi, mjukuu, nayabembeleza yaondoke.

Vipande vinne vya mita sita vikafika kwenye uzio.
"Hapa mdomo," Kiwia akasema, akikung'uta mikono.
Ng'ambo ya uzio ni kwa Nakijwa,
anayeshona sare za shule kibarazani,
vitambaa vya buluu sakafuni, mkasi, chaki.
Na yakitoka hapa?
"Yakitoka kwako yametoka."

Usiku ule sikulala.
Niliyajua vizuri mno yale maji,
namna yanavyopanda ngazi.
Asubuhi nikauza dirisha la aluminiamu
nililolitunzia chumba cha nyuma,
nikanunua vipande viwili zaidi, hadi mfereji wa barabara.
Mwisho wa mtaro ulimfika Kiwia kiunoni.
Alichimba akilalamika, ila alichimba.
Chumba cha nyuma bado kina gunia dirishani.

Mvua ya kwanza ya Aprili ilishuka saa nane usiku.
Nikatoka na tochi, kanga kichwani,
nikafuata mgongo wa udongo mpya hadi barabarani.
Nakijwa alikuwa kafika kabla yangu,
amechuchumaa na tochi yake, kama babu.

Kwanza hakikutoka kitu.
Kisha hewa, kama mtu anayekohoa mlango wa pili.
Kisha jani la parachichi, tope jembamba,
soksi moja ya marehemu, sijui iliingiaje,
kisha maji. Maji. Maji.

"Linatoa," Nakijwa akasema.
"Linatoa."

Hatukuongeza neno.
Soksi nikaifua, nikaianika.