Mshika Taa

Idara ya matangazo imeleta fomu:
jina, cheo, picha ya kutabasamu,
na swali la mwisho, kwa herufi nono:
Ukiingia ndani ya gemu, wewe ni nani?

Tuko thelathini na wawili, ghorofa ya tatu,
katika jengo lililokuwa kiwanda cha magunia, Dundee,
ambapo upepo wa mto Tay hugonga madirisha
kama mdai asiyeona haya.

Struan kaandika: Mpiga Upanga.
Ailsa: Mpiga Upanga.
Hata Bwana Petrie wa mishahara,
anayeshika kipanya kama mtu aliyeshika kaa,
naye ni Mpiga Upanga.
Ungedhani hapa ni kambi ya jeshi,
si watu wanaogombania maziwa ya chai kwenye friji.

Mimi ndiye ninayepokea malalamiko.
Kumbukumbu za seva ziko mikononi mwangu,
na usiku wa mwenzako hauna pazia
kwa anayelishika daftari.

Ailsa, aliyechora misuli ya huyo Mpiga Upanga,
mshipa kwa mshipa, miezi saba,
usiku ni Tabibu.
Hukimbia nyuma ya watu asiowajua
akiziba majeraha ya panga alizozichora mchana.

Tahseen wa kitengo cha nidhamu,
afungaye akaunti mia kabla ya chakula cha mchana,
ni Mwizi.
Wala si mwizi hodari: hunaswa sokoni
mkono ungali mfukoni mwa muuza samaki.
Mara mbili nimesoma ombi lake la msamaha.
Limeandikwa vizuri sana.

Na Iseabail, aliyepunguza makali ya moto wa Mchawi
kwa nukta mbili, akatukanwa na nusu ya Ulaya,
ni Mchawi.
Huwasha moto ule ule alioupunguza,
unamzimikia, anakufa,
anarudi. Hajiongezei hata cheche.

Mimi? Mimi ni Mshika Taa.
Hana upanga, hana dawa, hana kisu.
Hutangulia pangoni, basi,
wengine wapate kuona cha kuua.
Katika kila wachezaji mia huchaguliwa na mmoja,
na huyo mmoja mara nyingi kabonyeza kwa makosa.

Jumanne, kikaoni, Struan akaweka jedwali ukutani.
"Tumfute," akasema. "Hajilipii hata nafasi yake."
Hakuna aliyepinga.
Nilikuwa nahesabu punje za sukari zilizomwagika mezani.

Usiku ule, saa saba, nikaanguka
kwenye pango la chini kabisa, taa imezimika.
Skrini ikageuka kijivu,
kijivu tulichokibishania wiki nzima.
Kisha kikaja kimwanga chekundu, kinayumbayumba:
Mshika Taa mwingine, jina lake tarakimu tupu.
Akasimama juu ya maiti yangu.
Hakuwa na la kufanya, aina yetu haiponyi mtu.
Akaandika neno moja:
pole.

Nilikaa nikilitazama.
Neno hilo, katika jengo lile, nimemfundisha mtu mmoja,
wiki mama yake alipozikwa kule Arbroath
nami sina Kiingereza cha kutosha kumfariji.
Alilirudia mara tatu kwenye ngazi,
akilitamka kama jina la kijiji.

Asubuhi tukawa pamoja kwenye lifti.
Struan ana miwani mipya. Vidole vyake vinanuka chungwa.
Sikumuuliza. Naye alitazama namba zikipanda,
moja, mbili,
akasema mvua itakuwepo hadi Ijumaa.

Kama jedwali lile limefutwa, sijui.
Toleo jipya litatoka mwezi wa tatu.
Fomu yangu ilikuwa bado mezani,
imechelewa siku sita, ina duara la kikombe.
Nikaijaza kwa wino mzito:
Mpiga Upanga.
Tangu siku ya kwanza.