Dakika Moja, Sikonge

Wiki ya pili ya mafunzo. Kalunde
ameshika pamba yenye siki,
ile ile ya kachumbari.
"Hesabu dakika moja," kasema mkufunzi.
"Pakiwa peupe, uso wako usiseme kitu."

Pamekuwa peupe.

Bi Nyanzobe kalala, macho darini,
viganja bado vinanuka tumbaku.
Kalunde analitafuta neno:
saratani lipo ubaoni,
kwa Kinyamwezi halimjii.

"Mama, mzinga ukiingiwa na nondo,
mnauchoma moto?"

"Thubutu! Tunakata sega lile,
mapema, kabla hajazaa."

"Basi."

Kimya. Siki inakauka kwenye kibakuli.
Kisha mama anavuta khanga, anaketi:

"Kesho namleta dada yangu. Yule mbishi.
Usimtajie ugonjwa.
Muulize habari za nyuki."